Picha za wanajeshi wa Marekani: tunashangaa mitambo, tunasahau ziwa letu



Juzi nilikuwa kwenye kafe moja hapa Kirumba, nimekwenda kutuma maombi ya kazi kama ilivyo kawaida yetu vijana wa Mwanza. Mtandao ulikuwa unasuasua, hivyo macho yangu yakahamia mashine ya jirani. Dogo mmoja alikuwa amefungua folda yenye picha kibao za wanajeshi wa Marekani vitani. Wengine wako Iraq, wengine Afghanistan, wengine sijui wapi. Kombati safi, kofia zenye miwani ya kuonea usiku, fulana za kuzuia risasi, bunduki zenye darubini, helikopta zimejipanga kama daladala za Igoma asubuhi.

Dakika tano tu kafe nzima ikawa kijiwe. Huyu anasema hiyo ni Apache, yule anabisha ni Black Hawk. Mwingine anajua mpaka idadi ya risasi ambazo bunduki inatema kwa dakika. Kuna jamaa, mvuvi kabisa wa dagaa, akahitimisha: "Hawa jamaa hakuna wa kuwagusa. Ila vita vyao vinatuhusu nini sisi? Viko mbali huko."

Kila mtu akakubali. Na mimi nikakubali, nikalipa buku langu nikaondoka.

Lakini lile neno "mbali" lilinikaa kichwani. Jioni nikamhadithia bibi yangu, mzaa mama. Yeye miaka ya tisini alikuwa Bukoba akiuza samaki, kabla hajahamia huku. Aliposikia habari ya picha za vita hakuniuliza helikopta wala bunduki. Akasema, "Mjukuu wangu, mwaka tisini na nne watu walikuwa wakisogea kwenye beseni langu, wanaangalia sato, halafu wananiuliza: mama, huyu katolewa wapi? Nikisema ziwani, wanaondoka. Sasa kama si ziwani, ningemtoa wapi?"

Nikarudi kafe kesho yake kusoma. Nilichokikuta ndicho kimenifanya niandike hapa. Ile picha ya mwanajeshi wa Marekani na lile beseni la bibi vinaungana, na kamba inayoviunganisha inaonekana kabisa ukifuatilia tarehe. Naomba mnivumilie twende nayo taratibu.

Picha isiyokuwa na mtambo

Tuanzie Somalia. Desemba 9, 1992 wanajeshi wa Marekani walitua ufukweni Mogadishu usiku, kwenda kulinda misaada ya chakula wakati wa njaa. Walikuja kikomandoo, nyuso zimepakwa rangi. Wakakuta nini ufukweni? Waandishi wa habari na taa za televisheni! Walimulikwa pale kama wasanii jukwaani. Basi picha za mwanzo za vita ile zilikuwa kama hizi anazozipenda dogo wa kafe: askari shupavu, vifaa vya hatari, watu wabaya hawaonekani.

Picha ikabadilika Oktoba 3, 1993. Siku hiyo kikosi maalumu cha Marekani kilikwenda kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Mohamed Farah Aidid katikati ya Mogadishu. Helikopta mbili aina ya Black Hawk zikatunguliwa kwa RPG, ile roketi ya begani ambayo bei yake ni vumbi tu ukilinganisha na bei ya helikopta. Mapigano yakaendelea mpaka asubuhi. Wamarekani 18 wakafa. Wasomali waliokufa ni mamia, na mpaka leo hesabu zinatofautiana, kwa sababu upande huo hakukuwa na mtu wa kuwahesabu vizuri.

Wengi wenu mnaijua habari hii kupitia sinema ya mwaka 2001, ile tuliyoangalia kwenye vibanda umiza huku DJ akitutafsiria na kuongeza na vichekesho vyake. Sinema ile haikupigwa Somalia, ilipigwa Morocco. Lakini hilo tuliache.

Cha muhimu ni kilichofuata. Mwandishi mmoja wa Kanada, Paul Watson, alipiga picha ya maiti ya mwanajeshi wa Marekani ikiburutwa kwa kamba barabarani na umati unashangilia. Picha ile ikaingia kwenye magazeti na televisheni za Marekani, na mwaka 1994 ikampa tuzo ya Pulitzer.

Ukiitazama, hakuna mtambo hata mmoja. Hakuna helikopta, hakuna miwani ya usiku, hata kombati marehemu hana. Amebaki mwili wa mtu, mtoto wa mama fulani. Na hiyo picha moja ilikuwa na nguvu kuliko folda nzima ya dogo wa Kirumba.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu kuna watu watatu walioitazama vita ile ya Mogadishu, kila mmoja akajifunza somo lake, na masomo yote matatu yakaja kumalizikia huku kwetu.

Mtazamaji wa kwanza: Washington

Wananchi wa Marekani walikasirika. Walikuwa wanaambiwa vijana wao wamekwenda kulisha wenye njaa, sasa wanaona wanaburutwa! Oktoba 7, 1993, siku nne tu baadaye, Rais Bill Clinton akatangaza kwamba wanajeshi wake watakuwa wametoka Somalia ifikapo Machi 31, 1994.

Sasa angalieni kalenda. Mkataba wa amani wa Rwanda ulikuwa umesainiwa Arusha, hapa hapa Tanzania, Agosti 4, 1993. Ulihitaji walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 872 la kuunda kikosi hicho tarehe ngapi? Oktoba 5, 1993. Yaani siku mbili baada ya Mogadishu! Kikosi cha Rwanda kilizaliwa kwenye matanga ya Somalia. Kamanda wake, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, alitaka askari kama 5,000. Akapewa idhini ya 2,500 hivi, tena wenye vifaa hafifu.

Mtazamaji wa pili: Kigali

Na waliokuwa wanapanga mauaji Rwanda nao walikuwa na televisheni na redio. Januari 11, 1994 Dallaire aliandika New York kueleza alichoambiwa na mtoa habari wa ndani: kwamba mpango ni kuwachokoza askari wa Ubelgiji na kuua baadhi yao, ili Ubelgiji iondoe jeshi lake. Mnaona hesabu hiyo? Mtu ameshajua kwamba ukitaka mzungu aondoke huna haja ya kulishinda jeshi lake. Uwape nyumbani kwao maiti chache tu za kuangalia.

Aprili 6, 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ikatunguliwa Kigali, akitokea kwenye kikao Dar es Salaam. Kesho yake askari 10 wa Ubelgiji wakauawa. Ubelgiji ikaondoa kikosi chake, kama ilivyopangwa. Aprili 21 Baraza la Usalama likapunguza walinda amani mpaka 270. Marekani iliunga mkono, haikutaka kusikia habari ya Mogadishu nyingine. Mei 3 Clinton akasaini sera mpya ya kubana ushiriki wa nchi yake kwenye ulinzi wa amani. Wakati kalamu inatembea, watu wanachinjwa. Katika siku 100 hivi waliuawa kama watu 800,000.

Na maiti zikaingia mtoni. Mto Kagera unatoka Rwanda, unapita maporomoko ya Rusumo mpakani na Ngara, unazunguka mpaka Kyaka, unamwaga maji Ziwa Victoria upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka wetu. Upande ule wa Uganda wavuvi na wanakijiji waliopoa miili zaidi ya 10,000. Makaburi yao ya pamoja yapo mpaka leo Kasensero, Lambu na Ggolo. Samaki wakakosa mnunuzi sehemu nyingi za ziwa.

Ndiyo maana mteja wa bibi yangu alikuwa anauliza sato katolewa wapi.

Mitambo iliyofika Entebbe

Hapa ndipo ninapotaka mashabiki wa vifaa wakae vizuri kwenye viti.

Mei 17, 1994 Umoja wa Mataifa ulibadilisha mawazo, ukaidhinisha askari 5,500 waende Rwanda. Siku mbili baadaye ukaiomba Marekani magari 50 ya deraya, yale ya kubebea askari bila kupigwa risasi. Tuelewane, haikuombwa hata askari mmoja. Yaliombwa magari tu. Na Marekani ilikuwa nayo kibao Ujerumani, yamekaa bila kazi baada ya Vita Baridi kuisha.

Mnajua ilikuwaje? Ubishi ukaanza. Nani atalipa? Yakodishwe au yauzwe? Yawe ya matairi au ya minyororo? Nani atalipia usafiri? Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikadai irudishiwe dola milioni 15 za kusafirisha vipuri na vifaa. Sheria zao nazo zikasema gari lisiandaliwe mpaka mkataba usainiwe. Wiki zikapita. Juni 19, mwezi mzima baada ya ombi, ndipo safari ya magari ikaanza kuelekea Entebbe. Entebbe hii hii, ng'ambo ya ziwa letu! Na yalikuja hayana redio za mawasiliano wala bunduki nzito. Yalipokuja kuwa tayari kwa kazi, mauaji yalikuwa yameshakomeshwa na wapiganaji wa RPF waliokuwa wanasonga mbele kwa miguu yao.

Mwezi Julai, mauaji yameisha na kipindupindu kinaua wakimbizi Goma, ndipo wanajeshi wa Marekani wakaja kweli. Wakafanya Entebbe kituo chao. Ndege kubwa za mizigo, mitambo ya kusafisha maji, kila kitu. Na picha zikapigwa, nzuri kabisa: askari anampa mtoto maji. Siwabezi, maji yale yaliokoa watu. Ila ukiiangalia picha ile bila kujua mwezi Mei kulikuwa na nini, utasema hawa jamaa waliwahi.

Kwa hiyo dogo akinionyesha gari la deraya na kuniambia "hili haliingii risasi", mimi sina ubishi. Swali langu ni kwamba siku lilipohitajika lilikuwa limeegeshwa wapi, na nani alikuwa ameshika funguo?

Mtazamaji wa tatu: Osama

Osama bin Laden naye aliitazama Mogadishu. Katika matamko na mahojiano yake ya mwaka 1996 na 1998 aliitaja kama ushahidi kwamba Marekani ukiipiga inakimbia. Somo lake likatufikia Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Dar es Salaam na Nairobi siku moja. Dar walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200, na wengi wao walikuwa Waafrika waliokuwa kwenye shughuli zao.

Na hata hapo ziwa letu halikukosekana. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Kila mtu hapa ana ndugu au jirani aliyeondoka na meli ile. Kati ya waliokufa maji alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa Al-Qaeda, na wenzake walikuja huku Mwanza kuhakikisha kama kweli amekufa. Yaani hao watu "wa mbali" walikuwa wamekata tiketi kama bibi zetu, wamekaa kwenye meli moja na wafanyabiashara wa ndizi.

Sasa yule kaka wa dagaa bado anasema vita viko mbali?

Najua mtasema nini

Kuna atakayesema: picha haiui, wanaoua ni watu. Kweli kabisa. Waliochinja Rwanda ni wenye mapanga na waliowatuma, na lawama ya kwanza ni yao. Mwingine atasema kwani Marekani ndiyo baba wa dunia? Wafaransa walikuwa wapi, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa wapi? Nakubali pia. Ghana waliacha askari wao Kigali wakati wakubwa wanaondoka, kwa hiyo iliwezekana kubaki. Na Tanzania tulipokea wakimbizi kama 250,000 pale Rusumo ndani ya saa 24 mwishoni mwa Aprili 1994. Hatukuwa na miwani ya usiku, tulikuwa na daraja na uamuzi wa kuliacha wazi.

Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo nyasi. Ila ile ya mwaka 1994 tembo hakupigana na mtu, alijiondokea tu, na nyasi ziliumia vilevile.

Ninachosema ni kwamba picha inafanya kazi. Wakubwa wanalijua hilo kuliko sisi. Jeshi la Marekani lilizuia waandishi kupiga picha majeneza ya askari wake yakishushwa uwanja wa Dover kuanzia 1991 mpaka 2009. Iraq 2003 waandishi walipanda magari ya jeshi na kula chakula cha jeshi, ndiyo maana picha zikawa za upande wa ndani ya gari. Zilizoitikisa Marekani mwaka 2004, za mateso ya wafungwa pale Abu Ghraib, hazikupigwa na waandishi bali na askari wenyewe kwa kamera zao.

Na upande wa pili nao umejifunza. Januari 5, 2020 Al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, kwenye kambi inayotumiwa na Wamarekani na jeshi la Kenya. Jeshi la Kenya likatangaza kwamba shambulio limezimwa. Lakini Al-Shabaab walishatoa picha za watu wao waliojifunika nyuso wamesimama mbele ya ndege inayoungua. Baadaye siku hiyo Marekani ikakiri Wamarekani watatu wameuawa, na ndege kadhaa kuharibiwa. Picha ile ilipigwa ili itufikie sisi, vijana wenye simu na muda wa kuperuzi. Ukiisambaza kwa kushangilia umeshafanya kazi yao bila mshahara. Na ukisambaza ile ya askari shupavu bila kuuliza kitu, vilevile.

Mtazamaji wa nne ni wewe

Vita tulivyokuwemo sisi wenyewe hatuna picha zake kichwani. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya aina ya Tu-22, iliyoletwa kumsaidia Idi Amin, ilitumwa kuipiga Mwanza. Ikakosa mji, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Saanane hii unayoiona ukisimama Capri Point! Ni wangapi kati yenu mnaijua habari hiyo? Desemba 7, 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilivamiwa na tukapoteza vijana wa JWTZ wasiopungua 14 kwa usiku mmoja. Ni nani pale kafe ana folda ya hao?

Mimi simkatazi dogo kuangalia picha. Naomba tu tukiangalia tujiulize mambo matatu. Nani kapiga, na alikuwa amesimama upande gani? Nani hayumo kwenye fremu? Na baada ya hapo maji yalielekea wapi?

Hilo la tatu nimelipata kwa bibi. Nilipomaliza kumsomea haya yote alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Hayo magari hamsini uliyosema, yalirudi kwao?" Nikamwambia sijui, bibi. Akasema, "Sisi samaki walioza, tukamwaga."

Naomba kuwasilisha. Wadau mliokuwa Ngara, Bukoba, Kasensero au hapa Mwaloni mwaka 1994, uwanja ni wenu hapo chini. Mashabiki wa Apache nanyi karibuni, ila njooni na majibu ya funguo.